Dereva aliyeumia mkono, nani atampa tena usukani?

Dereva mmoja wa kamyo, mtu wa makamo, huja Cotebu, hapa Ngagara, karibu kila asubuhi ingawa hana gari la kuendesha. Hukaa kwenye benchi la mama mmoja auzaye chai na maandazi, akasalimia wenzake, akauliza nani amelala kwenye foleni ya mafuta na nani amevuka Kobero jana. Mkono wake wa kulia haujawa sawa tangu kamyo yake ipinduke miezi kumi na minne iliyopita kwenye kona za kuteremka kutoka Bugarama. Vidole vinafumba vizuri, lakini kiganja hakigeuki juu na kiwiko hakinyooki mpaka mwisho. Kikombe hukishika kwa mkono wa kushoto. Ameniomba nisiandike jina lake, maana tajiri wake bado hajampa jibu.

Jibu analongoja ni moja tu: atarudishiwa kamyo au la?

Wanaolingoja pamoja naye ni wengi. Msomaji anayepitisha mzigo mpakani anajua kuwa dereva si mtu wa kukanyaga mafuta tu. Huyu alikuwa akibeba mchele wa akina mama watatu wa soko hili bila hati zaidi ya daftari na neno lake. Alijua wakala yupi wa Kabanga hulala na karatasi za watu na yupi humaliza kabla ya adhuhuri. Tangu aumie, akina mama hao wamekwisha badilisha madereva wawili, na magunia yamekuwa yakifika pungufu. Kwa hiyo wanamtaka arudi. Lakini wanaogopa pia, kwa sababu mtaji wao wote ndio ule unaokaa nyuma ya mgongo wake.

Wiki iliyopita kijana mmoja fundi wa matairi alileta mazungumzo ya Robert Kubica, akamwonyesha mzee picha kwenye simu. Benchi zima likainama kutazama. Nami nimefuatilia mbio za magari kwa miaka mingi, nikajikuta nimegeuka mwalimu wa kijiwe.

Kubica ni Mpoland, mzaliwa wa Kraków. Mwaka 2008 alishinda mbio za Formula 1 za Canada, na mwanzoni mwa 2011 alihesabiwa miongoni mwa madereva wachache wanaoweza kuwa bingwa wa dunia wakipewa gari zuri. Tarehe 6 Februari 2011, wiki chache kabla ya msimu kuanza, alikwenda Italia kushiriki rali ndogo ya Andora, kwa kuipenda tu. Gari lake aina ya Skoda likagonga reli ya chuma ya kando ya barabara, na ile reli ikapenya ndani. Msaidizi wake alitoka mzima. Yeye alivunjika mkono na mguu wa kulia, na kiganja kilikaribia kukatika kabisa. Madaktari walimfanyia upasuaji kwa saa nyingi ili kuuokoa mkono ule. Waliuokoa, lakini haukuwa tena mkono wa zamani. Na kana kwamba hayo hayatoshi, Januari 2012 aliteleza kwenye barafu karibu na nyumbani kwake, mguu ukavunjika tena.

Hapo mzee wetu alicheka kidogo. Alisema hiyo ya kuteleza anaielewa.

Kwa miaka kadhaa swali katika magazeti ya michezo ya Ulaya lilikuwa lilelile linaloulizwa Cotebu: je, atarudi? Wengi walilijibu wakiwa wameketi. Kubica alilijibu kwa ngazi, na ngazi ya kwanza ilikuwa chini kabisa. Septemba 2012 aliingia rali ndogo ya Italia na kuishinda. Mwaka 2013 alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la pili la rali, WRC2. Sababu ya kuanzia kwenye rali haikuwa ujasiri peke yake. Ndani ya gari la rali mna nafasi. Gari la Formula 1 ni jembamba mno, dereva anaingizwa kama kisu kwenye ala, na kiwiko kisichozunguka hakina pa kwenda. Alichagua gari linaloukubali mkono wake kwanza, akaliacha lile linaloukataa mpaka siku yake ifike.

Siku hiyo ilichukua miaka. Mwaka 2017 Renault walimpa gari la Formula 1 la majaribio. Mwaka 2018 Williams walimweka dereva wa akiba. Kanuni za mchezo humtaka kila dereva aweze kujitoa mwenyewe kwenye kiti kwa sekunde chache tu, na mtihani huo hauna huruma kwa majeruhi. Machi 2019, huko Melbourne, alisimama tena kwenye mstari wa kuanzia, zaidi ya miaka minane tangu mbio zake za mwisho.

Nisidanganye wasomaji. Msimu ule haukuwa wa shangwe. Gari la Williams lilikuwa la mwisho kwa kasi, na katika mbio 21 alipata pointi moja tu, Ujerumani, tena baada ya wengine kuadhibiwa. Mwisho wa mwaka aliondoka. Kuna waliosema afadhali asingerudi. Mimi sikubaliani nao, na matokeo ya baadaye yananitetea. Alihamia mbio za masafa marefu, ambamo madereva watatu hupokezana gari moja. Mwaka 2021 huko Le Mans, gari lao lilikuwa likiongoza daraja lake, likazimika katika mzunguko wa mwisho kabisa. Aliyekuwa ndani wakati ule ni mwenzake Mchina, Ye Yifei. Juni 2025 wawili haohao, pamoja na Mwingereza Phil Hanson, walishinda Le Mans yote kwa Ferrari namba 83. Aliyekuwa kwenye usukani gari lilipovuka mstari baada ya saa 24 ni Kubica. Miaka kumi na minne tangu Andora.

Mama wa chai alisikiliza yote hayo akikaanga maandazi, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwandishi wa michezo niliyemsoma aliyeliuliza: miaka hiyo yote, nani alikuwa akimlisha?

Ni swali la haki. Kubica alikuwa na jina, na marafiki wenye timu. Dereva wa kamyo ana tajiri mmoja, na familia inayokula kila siku. Ndiyo maana nikawaeleza mfano wa karibu na nyumbani, ambao mwisho wake ni tofauti.

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945, katika familia yenye mashamba Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, naye aliondoka, akaifanya Kenya kuwa makao. Mwaka uliofuata alishinda Safari Rally. Na alishinda kwa kunyofoa: yeye na Msweden Harry Källström walilingana pointi, ikabidi kutazama nani alianza kupoteza muda mapema. Halafu akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo. Jumla mara tano.

Kwa gazeti la Jumuiya inafaa kukumbushana kwamba rali hiyo ilianza 1953 ikivuka mipaka, Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla hatujawa na wimbo wa Jumuiya wala kituo kimoja cha forodha. Matope ya Uganda na vumbi la Tanganyika vilikuwa katika mbio moja. Wafanyabiashara wetu wa leo wanapita sehemu nyingine za barabara hizohizo, wakiwa na karatasi nyingi zaidi.

Mwaka 1987 Mehta alipata ajali mbaya katika rali ya Mafarao nchini Misri, na kazi yake ya udereva ikaishia hapo. Hakurudi kwenye usukani. Alirudi kwa mlango mwingine: aliingia katika uongozi wa mchezo, na hatimaye akawa mwenyekiti wa tume ya rali ya dunia ya shirikisho la kimataifa, FIA. Alifariki London mwaka 2006. Mtu aliyeujua udongo wa Afrika Mashariki kwa magurudumu yake sasa alikuwa akisikilizwa katika meza zinazopanga mbio za dunia nzima.

Mzee wa benchi hakuupenda sana mfano huo. Alisema ofisi si yake, yeye ni mtu wa barabara. Lakini niliona akina mama wa mchele wanatazamana. Mtu anayejua kila wakala wa Kabanga, na kila mzani mpaka Dar es Salaam, anaweza kulipwa kusindikiza mizigo bila kushika usukani hata mara moja. Hilo walilizungumza baadaye, pembeni, kwa sauti ndogo, nami sikualikwa.

Turudi kwenye mkono wenyewe, maana hapo ndipo uamuzi ulipo. Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ukivuka Kobero unaingia Tanzania na kuhamia kushoto. Tajiri wake ana kamyo za aina zote mbili: za zamani zenye usukani wa kushoto, na mbili mpya zilizopitia Dar zenye usukani wa kulia. Kwa mtu mzima tofauti ni mazoea tu. Kwa huyu ni jambo la uhai. Kwenye usukani wa kushoto, gia iko mkono wa kulia: mkono mbovu unasukuma na kuvuta, kazi ambayo vidole vinavyofumba vinaiweza, na mkono mzima unabaki umeshika usukani. Kwenye usukani wa kulia mambo yanageuka. Kila akibadilisha gia kwa mkono mzima, tani zote za mzigo zinabaki mikononi mwa mkono usiogeuka. Na mteremko wa Bugarama, unaoshuka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi karibu na ziwa, ni mahali pa kubadilisha gia kila kona, huku vijana wa baiskeli zilizosheheni ndizi wakikupita kama mshale.

Kubica hakujaribu kuulazimisha mkono uwe kama zamani, alichagua gari la kuufaa. Tajiri akimpa kamyo mpya kwa kumheshimu, atakuwa amempa ile mbaya zaidi kwake. Nilimwambia hivyo mzee, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema fundi mmoja wa Kamenge alimwambia vilevile, ila hakumwamini kwa kuwa alikuwa kijana.

Kwa wasomaji wenye mizigo, jambo moja la bima lisisahaulike. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo dereva wetu huionyesha akivuka, inashughulikia madai ya watu wengine walioumizwa na gari, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Si bima ya mchele wako. Wala hailipi miezi kumi na minne ya dereva kukaa benchi. Anayetaka kumpa mzigo dereva aliyewahi kuumia aulize mapema kama kampuni ya bima imeambiwa habari za mkono, maana ikigundua baada ya ajali, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa. Na aombe kuona cheti cha daktari, hata kama dereva ni shemeji yake.

Jumatano tajiri alituma ujumbe. Hakusema ndiyo. Alisema mzee aje Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, barabara zikiwa tupu, achukue kamyo ya zamani bila mzigo, na utingo mwenye leseni akae pembeni yake. Waende hadi uwanja wa ndege na kurudi, kisha wataongea. Akina mama wa mchele wamekubaliana kuwapo. Mama wa chai hafungui Jumapili, lakini ameahidi kuleta chupa.

Mzee ameuliza watu wawili kama kamyo ya zamani imetiwa mafuta.