Baraka si Sakramenti ya Ndoa
Tangu tamko Fiducia Supplicans litolewe tarehe 18 Desemba 2023, waamini wengi wameuliza iwapo Kanisa sasa linafungisha ndoa za watu wa jinsia moja. La hasha. Tamko lenyewe linasisitiza kwamba ndoa ni kati ya mwanamume na mwanamke. Linachoruhusu ni sala fupi ya baraka, isiyo ya kiliturujia. Hata hivyo, Januari 2024 Maaskofu wa Afrika, kupitia Kardinali Ambongo, walieleza kuwa si vema baraka hizo zitolewe barani humu, zisije zikawakwaza waamini.

Mama mmoja aliniuliza, “Padre, basi nimfukuze mwanangu?” Nilimfungulia Katekisimu, namba 2358, inayotutaka tuwapokee watu hao kwa heshima na huruma. Aliisoma mara mbili. Kijana bado anaishi kwao.