Je, Wajua? Ifakara na maswali ya chumba cha upasuaji

Mwaka 2018, jijini Nairobi, madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta walimfungua fuvu mgonjwa asiyehusika. Walitafuta damu iliyoganda kwenye ubongo kwa saa kadhaa. Haikuwapo. Aliyekuwa nayo ni mgonjwa mwingine.

Dawa ya kosa la namna hii ni karatasi moja. Ni orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, yenye vipengele 19. Kabla ya nusukaputi, mgonjwa hutaja mwenyewe jina lake na mahali pa kupasuliwa. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi. Ndiyo, hata daktari bingwa.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Na shashi ya kufyonza damu wakati wa upasuaji? Ikilowa damu tumboni, huwezi kuitofautisha na nyama. Kwa hiyo huhesabiwa kabla ya kushona. Nyingi zimefumwa na uzi maalumu, mara nyingi wa buluu, unaoonekana kwenye eksirei.