Jina la Nani Liandikwe Juu?

Haya wapwa zangu, sogeeni karibu. Leo nawasimulia habari ya majina. Nayo ni majina yale yanayoandikwa juu ya makala za utafiti, chini kidogo ya kichwa cha habari.

Mwaka 1963, kule Lushoto, wanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friji. Siku moja kijana Erasto Mpemba akaona nafasi kwenye friji inakwisha. Mwenzake alikuwa amekwisha kuweka maziwa yake, tena bila kuyachemsha. Mpemba akasema nikingoja yapoe, nimekosa. Akayaweka yakiwa ya moto vilevile.

Saa moja na nusu baadaye wakaenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado ni uji mzito.

"Mjomba, ya moto yakatangulia kuganda? Inawezekanaje?"

Swali zuri hilo! Ndilo alilouliza Mpemba mwenyewe. Alimuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda kusoma Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Wenzake wakapata utani. Akikosea hesabu kidogo tu, basi hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Lakini hakuacha kuuliza. Siku moja akaja mgeni shuleni, Dakta Denis Osborne, aliyefundisha fizikia chuo kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lake mbele ya watu wote. Wenzake wakamcheka. Osborne akamwomba alirudie, kisha akaahidi kwenda kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akajaribu, akaleta jibu: kweli, maji ya moto yametangulia kuganda. Naye fundi hakuamini, akasema ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi!

Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education. Juu yake pana majina mawili: Mpemba, kisha Osborne. Sehemu ya kwanza Mpemba anasimulia kwa maneno yake mwenyewe, utani wa darasani ukiwemo. Sehemu ya pili Osborne anaeleza majaribio. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu ya jambo hilo, na wengine wanabisha kama hutokea kweli. Hata hao wanaobisha huliita kwa jina la Mpemba. Mimi naipenda sana makala hii. Mtu mzima mwenye cheo angeweza kulichukua swali la mwanafunzi na kuliandika kwa jina lake peke yake. Osborne hakufanya hivyo.

"Na jina la fundi wa maabara liko wapi?"

Ah, mpwa wangu, wewe una macho! Halipo juu. Juu ni Mpemba na Osborne tu.

Hebu fikirini sufuria ya pilau ya harusi. Kuna aliyenunua mchele. Kuna aliyeuchambua, aliyemenya vitunguu, aliyetwanga bizari, aliyechochea moto huku moshi unamtoa machozi. Kuna mama mmoja aliyesimamia yote na kuonja chumvi. Wageni wakila wanauliza: nani kapika? Tukitaja jina moja tu, tumewaacha wengi. Tukimtaja kila aliyepita jikoni, mgeni hatajua chumvi ilikuwa mkononi mwa nani. Makala ya utafiti ni sufuria hiyo.

"Basi Mpemba aliandikwa wa kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyegundua?"

Huenda. Lakini tazama alfabeti: M hutangulia O. Majina yenyewe hayatuambii. Katika hisabati na uchumi, mara nyingi majina hupangwa kwa alfabeti tu, na wa kwanza hana ukubwa wowote. Katika biolojia na tiba ni vingine. Wa kwanza ndiye aliyefanya kazi nyingi kwa mikono yake, na wa mwisho ndiye mkubwa wa maabara, yule aliyeonja chumvi. Walio katikati wanabaki katikati, na msomaji hajui kama mmoja alichochea moto siku nzima au alileta kijiko tu.

Sasa nyamazeni kidogo. Kuna paka anataka kusema.

"Mimi naitwa Chester. Ni paka wa Kisiamu, wa Michigan, Marekani. Bwana wangu ni Jack Hetherington, mwanafizikia. Mwaka 1975 aliandika makala kuhusu heliamu yenye baridi kali sana. Aliandika peke yake, lakini kila mahali akaandika 'sisi'. Mwenzake akamwambia: jarida halitakubali 'sisi' ya mtu mmoja. Siku hizo ni taipureta, na kuchapa upya kurasa zote ni mateso. Bwana wangu akanitazama. Akaniandika mwandishi wa pili: F. D. C. Willard. Willard ni jina la baba yangu. Makala ikatoka katika Physical Review Letters, na nakala chache nikazitia sahihi kwa unyayo wangu. Heliamu sijawahi hata kuinusa."

"Mjomba, huo si uongo?"

Watu walicheka, na paka hakumdhulumu mtu. Lakini umeuliza vema. Wapo watu wazima wanaofanyiwa kama Chester, na hapo hakuna cha kuchekesha. Mkubwa wa idara hakugusa kazi, hakuisoma, jina lake linaingizwa kwa heshima ya cheo. Huyo kala pilau, kisha kajiita mpishi.

Jarida hilohilo la Chester, mwaka 2015, lilichapisha makala yenye waandishi 5,154. Msidhani nimekosea, ni elfu tano mia moja hamsini na wanne! Ni vikundi viwili vikubwa vya maabara ya fizikia ya CERN, karibu na Geneva, vilivyoungana kupima uzito wa chembe ndogo iitwayo Higgs. Kurasa zilikuwa 33. Kazi yenyewe ilichukua 9, na 24 zilizobaki zilikuwa za majina na mahali watu wanakotoka. Mashine yao ni kubwa kweli, na mtu mmoja hawezi kuiendesha. Hata hivyo, jioni ile kila mmoja kati ya watu 5,154 aliongeza makala moja kwenye orodha yake.

"Kwani wanahesabu?"

Wanahesabu, tena sana. Kazi, cheo na fedha za utafiti hufuata hesabu hiyo. Kwanza huhesabu makala zako. Kisha huhesabu ni mara ngapi wengine wamezitaja katika makala zao. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta namba moja ya kujumlisha yote mawili. Ukiwa na makala tano, na kila moja imetajwa angalau mara tano, namba yako ni 5. Ukitaka kufika 6, lazima uwe na sita zilizotajwa angalau mara sita kila moja. Ni rahisi kuikokotoa, ndiyo maana imependwa. Lakini namba hiyo haioni jikoni. Mwandishi wa kwanza anapata sawa na wa elfu tatu. Na mtu ambaye jina lake halikuandikwa kabisa, kwake ni sifuri.

Hapa ndipo roho yangu inaponiuma. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, mtafutaji wa mifupa ya kale Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya mawe ya rangi ileile. Wengine wangekipita. Kikawa mwanzo wa kupatikana mifupa mingi ya kijana aliyekufa miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita. Mwaka uliofuata makala ikatoka katika jarida la Nature, na waandishi wake walikuwa wanne. Kimeu hayumo. Alipewa nishani, na nyani wa kale sana akaitwa Kamoyapithecus kwa heshima yake. Ni heshima kubwa kweli. Lakini ile namba ya Hirsch haihesabu nishani wala nyani.

"Kwa nini hawakumwandika?"

Desturi, mpwa wangu. Ilichukuliwa kwamba anayeona mfupa ni msaidizi, na anayeueleza ndiye mwandishi. Wahariri wa majarida ya tiba, ambao umoja wao ulianzia Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wana masharti yao. Anayeitwa mwandishi awe amechangia kazi kwa uzito, ameandika au kusahihisha rasimu, ameikubali kabla haijachapwa, na yuko tayari kuijibia. Aliyekusanya data tu huwekwa mwishoni, kwenye shukrani.

"Kama hakuna aliyempa rasimu aisome, ataisahihishaje?"

Hongera! Wahariri nao waliliona hilo. Masharti yao yanasema kwamba aliyechangia kazi kwa uzito apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika na kusahihisha. Kwa hiyo mkubwa wa maabara hana ruhusa ya kumnyima mtu rasimu, kisha akamwacha nje kwa kuwa hakuisoma.

Siku hizi majarida mengi yameongeza kitu kingine ninachokipenda. Makala huja na orodha ya kazi, aina 14, na mbele ya kila kazi pana majina ya walioifanya: aliyetoa wazo, aliyefanya majaribio au kukusanya ushahidi, aliyeandika programu ya kompyuta, aliyetafuta fedha, aliyesimamia, aliyeandika rasimu ya kwanza. Kwa orodha hiyo, swali la Mpemba lina mahali pake. Majaribio ya yule fundi wa Dar es Salaam yana mahali pake, na jicho la Kimeu pia. Mara nyingi orodha hiyo huwataja waandishi tu, kwa hiyo kwanza mtu aitwe, apewe rasimu, aulizwe: umesoma? Unakubali jina lako liwemo?