Klorini Katika Maji Yetu: Tupime Nini?



Wako watu wanaokataa dawa ya maji, ati klorini inaleta kansa. Neno hilo lina ukweli kidogo, kwa hivyo tulielewe vizuri kabla hatujaitupa hiyo dawa.

Klorini huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini maji ya mto au bwawa huwa na majani yaliyooza, ndiyo maana mengine yana rangi ya chai. Klorini ikikutana na uchafu huo, kemikali nyingine hutokea. Mojawapo ni klorofomu. Mwaka 1974 mtaalamu wa Uholanzi, Johannes Rook, alieleza jinsi inavyotokea katika maji ya Rotterdam yaliyotiwa klorini. Wasiwasi ni kwa mtu anayekunywa nyingi kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo: maikrogramu 300 za klorofomu kwa lita moja ya maji. Gramu moja ina maikrogramu milioni moja! Kwa macho huwezi kuiona.

Inapimwaje?

Maji hutiwa katika chupa ndogo ya kioo mpaka pomoni, bila kuacha hewa, kwa sababu klorofomu huruka kama mvuke. Huongezwa dawa ya kusimamisha klorini isiendelee kufanya kazi. Chupa hupelekwa maabara ikiwa baridi, na huko mashine hutenganisha kemikali na kuzipima moja moja.

Kile kidonge kinachogeuza maji kuwa pinki je? Hicho hupima klorini iliyobaki tu, si klorofomu. Tusichanganye. Lakini ni kipimo cha maana sana: kikionyesha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, maji bado yana kinga.

Kikundi kifanye nini?

1. Acheni matope yatulie kwanza. Kitambaa huchuja takataka, lakini hakiondoi rangi ya chai. Shabu huipunguza.

2. Tieni klorini baada ya maji kutakata, kwa kipimo kilichoandikwa. Ngojeni nusu saa. Msiongeze ovyo.

3. Funikeni tangi na kusafisha mifereji ya paa, majani yasiingie.

4. Kama maji yenu yana rangi siku zote, mwombeni afisa wa maji ayapeleke maabara.

Lakini msiache klorini kwa kuogopa klorofomu. Kipindupindu kinaweza kumwua mtu kwa saa chache tu, na hiyo hatari nyingine ni ndogo, tena ya miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lenyewe linaonya tusipunguze nguvu ya kuua vijidudu kwa ajili ya kemikali hizi.

Ya kujadili mkutanoni: Maji yetu yanatoka wapi? Nani anayapima, na mara ya mwisho ilikuwa lini?