Jina Pekee Halitoshi: Kufuatilia Nasaba za Wales

Katika taaluma ya majina, Wales hutupatia mfano mzuri. Zamani watu wake walitajwa kwa jina la baba, kama tutumiavyo bin na binti: ap au ab kwa mwana, ferch kwa binti. Ndipo ap Hywel likawa Powell, na ab Owen likawa Bowen. Majina ya ukoo yalipokuja kuwa ya kudumu, yalikuwa machache. Kijiji kimoja huweza kuwa na akina John Jones kadhaa, na mtafiti akimkosea mmoja hujitwalia mababu wa watu wengine.

Twashauri kuanza na sensa. Katika ile ya 1841 umri wa watu wazima kwa kawaida ulishushwa: mwenye miaka 34 aliandikwa 30. Ya 1851 hutaja parokia ya kuzaliwa. Ya 1891 hutaja lugha. Kisha zifuatwe daftari za parokia za ubatizo, ndoa na maziko, zilizoamriwa mwaka 1538, bila kusahau daftari za makanisa yaliyojitenga.

Majina yakifanana, jina la shamba na kazi ya mtu ndivyo hutenganisha.