Kupiga Picha Mahali pa Kale: Safari za Kutwa Kutoka Chidya

Wako watu wapendao kutoka alfajiri na kamera, au na simu tu, wakazuru mahali pa kale, wakapiga picha na kurejea jioni. Ni mapendezi mema, wala hayahitaji elimu kubwa. Lakini mchunguzi wa lugha huzitazama picha hizo kwa majuto, kwa kuwa nyingi hazina jina la mahali, au jina lililoandikwa si lile litamkwalo na wenyeji. Twataka kuonyesha, kwa mfano wa nchi ya Masasi na Newala, kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Akaaye Chidya amepata mahali pafaapo. Upande wa Masasi ataona milima ya majabali iliyosimama peke yake, kama Mtandi na Mkomaindo. Upande wa Newala ataupanda uwanda wa juu wa Wamakonde, mpaka ukingoni paitwapo Shimo la Mungu, ambapo nchi huporomoka kuelekea bonde la Ruvuma.

Huko Masasi ndiko Askofu Edward Steere, yule yule aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, alikowapeleka watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja mwaka 1876. Mji wao ulishambuliwa na Wamagwangwara mwaka 1882, na misheni ikachomwa tena mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji. Basi mpiga picha asitazamie kukuta nyumba za mwanzo. Kilichosalia ni mlima, njia, makaburi, na majina.

Na majina yenyewe ni ukumbusho. Tazama Chidya, Chiungutwa, Chigugu. Kisha Lulindi, Lupaso, Lukuledi. Kisha Nanganga na Namajani. Kiambishi chi- cha Kiyao na Kimakonde ndicho kilinganacho na ki- ya Kiswahili. Karani mwenye bidii ya kusahihisha, akiandika ki- mahali pa chi-, amefuta ushahidi wa lugha ya waliopaita mahali pale kwanza. Na picha aliyoipamba kwa jina hilo yapotosha kuliko picha isiyo na neno.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi, Chingulungulu kwa Matola, na Newala, akiwa na kamera, fonografu na mashine ya sinema. Kazi yake yasomwa hata leo, kwa sababu aliandika mahali alipo na watu aliowapiga picha, wala hakutosheka na picha tupu. Hata hivyo alitegemea wakalimani, na maneno yaliyopita vinywa viwili au vitatu hayawi yale ya kwanza. Kijana wa leo aijuaye lugha ya bibi yake amemshinda Weule katika jambo hilo, ijapokuwa hana fonografu.

Mahali pa kale pasichukuliwe kuwa ni makanisa na maboma tu. Miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaacha mahame. Leo hame hutambulikana kwa miembe iliyopandwa na watu na makaburi yaliyomezwa na nyasi. Mgeni hupita asione kitu. Mzee aliyezaliwa pale huonyesha nyumba ilipokuwa, na njia ya wanawake kuteremka kuchota maji, maana uwanda wa juu hauna mito. Hapa twaona ndipo penye kazi ya haraka zaidi, kwa kuwa wazee hao hawazidi.

Pako pia mahali pasipopigwa picha bila idhini. Uwanja wa jando una miiko yake, na mti wa msolo, ambapo Wayao waliweka unga wa kutambikia mizimu, si pambo la barabarani. Akikataliwa, na aandike kwamba alikataliwa na kwa neno gani. Hilo nalo ni habari.

Kwa kila picha yatosha kuandika tarehe, upande kamera ilikoelekea, jina kama lilivyotamkwa na watu wawili wasiosikilizana, na lugha ya kila mmoja. Wakitofautiana, yaandikwe yote mawili bila kuchagua. Nakala moja apewe mzee aliyelitaja jina, ipate kusahihishwa angali hai.