Mekatilili na Otenyo waliasi nini?

Kiingereza kina maneno mengi ya kukataa jambo na kumrudisha adui nyuma, na kila neno lina hukumu yake ndani. Mtoto wa Kilifi na mwenzake wa Marani wanayakuta katika kitabu cha historia, wanayakariri kwa ajili ya mtihani, na wanadhani yote ni mamoja. Ndugu msomaji, si mamoja. Badilisha neno moja tu, na mwenye makosa amebadilika.

Tuyapitie machache. "Resist" asili yake ni Kilatini, na shina lake ni kusimama: jambo linakujia nawe husogei. "Repel" shina lake ni kusukuma: adui amefika, ukamrudisha alikotoka. "Oppose" ni kuweka kitu mbele ya kingine, karibu sana na kupinga kwetu. "Protest" lina ushahidi ndani yake: mtu anasimama hadharani kushuhudia kwamba hakuridhia.

Kisha lipo "rebel". Hili lina vita ndani yake, tena vita vya kuanza upya, vya mtu aliyekwisha kushindwa akamgeukia mtawala wake. Hapo ndipo penye mtego. Ukisema "resist", hujasema bado nani ana haki ya kutawala. Ukisema "rebel", umeshampa mmoja kiti na mwingine umemtia hatiani.

Tutazame Marani, huko Kisii, katika nchi ya Kitutu. Mwaka 1905 Waingereza walipeleka askari kuwapiga Abagusii. Mwaka 1907 wakafungua kituo cha serikali Kisii, na ofisa wake akawa Geoffry Northcote. Januari 1908 kijana wa Kitutu, Otenyo Nyamaterere, alimchoma mkuki, akihimizwa na Moraa Ng'iti, mama aliyekuwa na sauti katika jamii yake. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Askari walirudi, wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Hata Winston Churchill, wakati huo akiwa katika wizara ya makoloni London, aliandika kuuliza kama kulikuwa na haja ya kuendelea kuua watu kiasi kile.

Sasa tazama neno walilotumia: "punitive expedition", yaani safari ya kuadhibu. Huadhibiwa nani ila mkosa? Serikali yenyewe haikuwa imemaliza miaka miwili pale Kisii, na tayari wenyeji walikuwa waasi.

Na sisi wa Pwani tuna deni na Kisii. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama wakataa kodi na kutoa vijana wao kwenda kufanya kazi za wazungu, na viapo vikaliwa Kaya Fungo. Serikali ilimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, ikawahamishia hukohuko Kisii, ikiamini umbali utawanyamazisha. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi Giriama kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Kwenye majalada ya serikali, mama huyu aliitwa mchawi na watu wake wakaitwa waasi.

Kabla yake alikuwa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi, aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896 mpaka akakimbilia upande wa Wajerumani. Vita vyake huitwa "Mazrui Rebellion". Lakini himaya ya Uingereza ilitangazwa Julai 1895. Mtu anaasije utawala ambao ndio kwanza unabisha hodi?

Wahenga walisema, akutukanaye hakuchagulii tusi. Hilo tunalielewa. Linalouma ni sisi wenyewe kuliokota tusi na kulitafsiri. Tunaandika "uasi wa Wagiriama", "uasi wa Mazrui". Na kwetu neno uasi lina uzito zaidi kuliko "rebellion", kwa sababu tumelipata katika Kiarabu, na tangu chuoni tunajua kwamba anayeasiwa ni Mola. Tukisema Mekatilili aliasi, bila kukusudia tumemkalisha ofisa wa koloni mahali pasipo pake.

Wasomi walishtuka mapema. Miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Terence Ranger na wenzake walianza kuandika habari za vita hivi kwa neno "resistance". Cynthia Brantley naye alipotoa kitabu chake kuhusu Wagiriama mwaka 1981, alilitia neno hilo kwenye jina la kitabu.

Sisemi neno uasi litupwe. Lina mahali pake. Januari 1964 askari wa Tanganyika walioapa kuitii serikali yao waliwageuzia bunduki wakubwa wao. Hayo ni maasi, maana kiapo kilikuwepo kikavunjwa. Basi kipimo ni swali moja: huyu alikubali lini kutawaliwa? Kama hakukubali, hakuasi.

Na Kiswahili hakikupungukiwa. Aliyekataa kodi aligoma. Aliyekataa kununua alisusia. Aliyesimama njiani alipinga. Aliyekinga mji wake alihami. Aliyemrudisha adui baharini alimfurusha. Mwanao akija na kitabu chenye neno "rebellion", usimwachie hivihivi. Muulize ni uasi dhidi ya nani, na nani aliyemweka huyo.